Dawa ya Kuvuta kwa Mtoto Mwenye Pumu

Ndugu wanafunzi wa Mtua, na ninyi nyote mliokusanyika penye redio katika Nachingwea na Ruangwa, natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu, na mwalimu amesimama ubaoni, chaki mkononi. Kama kuna aliyechelewa, mpisheni akae. Maneno haya yamepigwa chapa pia, ili myasome polepole nyumbani na kumsomea jirani ambaye hajajiunga na darasa.

Somo letu la leo ni la afya. Kujifunza afya kwa redio si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1973 wazee wetu walikaa hivi hivi, makundi kwa makundi, katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walisikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Hawakusikiliza ili wajue tu, bali walisikiliza ili watende. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Mwisho wa somo hili kila mmoja wenu aweze kufanya mambo matatu. La kwanza, kuzitambua dawa mbili za kuvuta za pumu kwa kusoma majina yake. La pili, kumpa mtoto dawa hiyo kwa kutumia chupa ya maji. La tatu, kuzijua dalili za hatari, ili asikae na mtoto nyumbani wakati wa kwenda hospitali umefika.

Kabla ya kuendelea, yanipasa niwaambie kweli. Mimi si mganga. Mimi ni afisa elimu, na diploma yangu ya chuo kikuu ni ya kufundisha watu wazima. Niliyojifunza juu ya pumu, nimejifunza kwa sababu ya mwanangu, na kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Sikilizeni.

Mwanangu ana pumu. Alipokuwa na miaka sita tulipewa vichupa viwili vya dawa ya kuvuta. Wengine huviita inhela, wengine huviita pampu. Muuguzi alitueleza kwamba kimoja ni cha kila siku, asubuhi na jioni, na kingine ni cha wakati kifua kinapobana. Tulifuata miezi miwili. Mtoto akapona kabisa machoni petu, akawa anakimbizana na mbuzi tangu asubuhi hadi jua linazama. Basi nikasema moyoni, “Mtoto amepona, dawa ya nini tena?” Vichupa vyote viwili nikavitia sandukuni.

Mwezi wa Julai ukafika. Ninyi wakulima wa korosho mwajua Julai ina nini. Mashine za kupulizia salfa zilinguruma alfajiri kila upande. Siku ya tatu, saa nane usiku, mama yake aliniamsha. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Kifua kililia kama filimbi. Nikafungua sanduku, nikashika kichupa cha kwanza kilichonijia mkononi, nikampulizia mdomoni. Hakuna nafuu. Nikampulizia tena, na tena. Hakuna nafuu.

Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kututembelea. Wakati ule alikuwa mwanafunzi wa darasa la watu wazima, mwaka wa kwanza, kama wengi wenu. Akachukua kile kichupa, akakisogeza karibu na tochi, akaanza kutafuta herufi kwa kidole. Kisha akasema, “Baba, yule muuguzi alituambia dawa ya haraka inaanza na herufi ya nyoka. Hiki kinaanza na B. Hiki sicho.”

Herufi ya nyoka ni S. Mama alisema kweli. Nilikuwa nampa mtoto dawa ya kila siku, ambayo haifungui kifua kwa dakika wala kwa saa. Tukatafuta kichupa chenye S, tukampa, tukapanda bodaboda kwenda hospitali. Huko alitiwa hewa safi ya mtungi, akapewa dawa, na asubuhi akaomba uji. Nilisoma vitabu vingi chuoni, lakini usiku ule sikusoma neno moja lililoandikwa kwenye kichupa. Aliyelisoma ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Ndiyo sababu nimeleta somo hili kwenu.

Sasa tuulize: pumu ni nini?

Hewa tunayovuta hupita puani na kooni, kisha huingia katika bomba moja kubwa. Bomba hilo hugawanyika mara mbili, moja kwa kila pafu. Kila tawi hugawanyika tena na tena, zaidi ya mara 20, kama mwembe uliogeuzwa juu chini, shina juu na vitawi chini. Vitawi vya mwisho ni vyembamba sana, havifiki milimita 2. Hivyo ndivyo njia ndogo za hewa. Mtoto ana njia nyembamba kuliko mtu mzima, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mdogo.

Mtoto mwenye pumu ana njia za hewa zenye hasira. Moshi, vumbi, baridi ya alfajiri, mafua, hata kukimbia sana huweza kuziudhi. Zikiudhika, mambo matatu hutokea. Ngozi ya ndani ya njia huvimba. Misuli inayozunguka njia hujikaza, kama kamba inayofunga mdomo wa gunia. Tena makamasi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hewa hupita kwa shida, hasa wakati wa kutoka, ndipo husikia ule mluzi.

Hebu tufanye jaribio. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asijaribu, na watoto wasijaribu. Mwalimu ameleta kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye uwazi ndani. Kitie mdomoni, ziba pua, vuta hewa na kuitoa mara tano. Si vigumu sana. Sasa chukua ganda la kalamu ya bik lililotolewa utumbo wake wa wino. Fanya vivyo hivyo mara tano tu, kisha acha. Umeona? Mrija ukipungua upana hadi nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara 2 tu, bali huweza kufika mara 16. Wewe umeacha ulipochoka. Mtoto mwenye pumu hawezi kuacha.

Pumu si kifua kikuu, wala haiambukizi. Mtoto mwenye pumu anaweza kulala na nduguze na kula nao sahani moja. Si jini wala si uchawi. Mara nyingi hufuata ukoo. Lakini msijipe wenyewe cheo cha mganga. Si kila kikohozi ni pumu. Mtoto anayekohoa wiki mbili au zaidi, au anayekonda, au aliyeishi na mgonjwa wa kifua kikuu, apelekwe zahanati apimwe.

Tena wako watoto wengine ambao njia zao ndogo za hewa ziliungua, kama tuseme hivyo, kwa ugonjwa mkali wa kifua walipokuwa wachanga, au kwa surua. Palipoungua pakabaki kovu. Watoto hao hukohoa na kuhema miezi na miaka. Mganga huweza kuwajaribu kwa dawa ya kuvuta, na wengine hupata nafuu kiasi, lakini kovu halifutwi na dawa hiyo. Wao wanahitaji kupimwa hospitali kubwa. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine, chanjo ya surua isikose mtoto hata mmoja hapa Mtua.

Sasa tuje kwenye dawa. Kwa nini mtoto avute dawa, asimeze?

Wazee wetu walijua tangu zamani kwamba mvuke na harufu huingia kifuani. Ndiyo maana walijifukiza. Nia ilikuwa njema, ila mvuke wa chungu haufungui njia za pumu, na watoto wengi wameungua kwa maji ya moto. Mwaka 1955 huko Marekani binti wa miaka 13 mwenye pumu alimwuliza babaye kwa nini dawa yake haiwezi kutiwa katika kopo la kupuliza, kama mafuta ya nywele. Baba yake, George Maison, alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa iitwayo Riker. Hakulidharau swali la mtoto. Mwaka 1956 kampuni ile ilitoa kichupa cha kwanza chenye kubonyezwa na kutoa kipimo kile kile kila mara. Dawa ya salbutamoli ikatoka Uingereza mwaka 1969, na beklometazoni ya kuvuta mwaka 1972. Leo dawa hizi ziko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Tufanye hesabu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: miligramu 1 ni sawa na mikrogramu 1,000. Kidonge kimoja cha salbutamoli chenye miligramu 2 kina mikrogramu ngapi? Zidisha 2 kwa 1,000. Jibu ni 2,000. Sasa, mbonyezo mmoja wa kichupa hutoa mikrogramu 100. Gawanya 2,000 kwa 100. Jibu ni 20. Kwa hiyo kidonge kimoja kina dawa mara 20 ya mbonyezo mmoja.

Dawa hiyo yote ya kidonge inakwenda wapi? Inakwenda tumboni, inaingia katika damu, inazunguka mwili mzima. Moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, na sehemu ndogo tu hufika kifuani, tena kwa kuchelewa. Dawa ya kuvuta hufika moja kwa moja palipo na ugonjwa, nayo huanza kufanya kazi kwa dakika chache. Ni kama kumwagilia mche wa mkorosho. Mwenye akili humwaga kopo moja penye shina, hamwagi pipa zima shamba lote.

Basi, ndugu zangu, yule anayesema dawa ya kuvuta ni kali kuliko kidonge, mwonyesheni hesabu hii.

Dawa za kuvuta ni za aina mbili. Shikeni sana hapa.

Ya kwanza ni dawa ya kufungua. Jina lake ni salbutamoli. Kichupani limeandikwa SALBUTAMOL. Hulegeza ile misuli iliyojikaza. Huanza kusaidia kwa dakika chache, na nguvu yake hukaa saa nne hadi sita. Hii hutolewa kifua kinapobana. Lakini haiondoi uvimbe.

Ya pili ni dawa ya kulinda. Mara nyingi ni beklometazoni, nayo kichupani huandikwa BECLOMETASONE. Hupunguza uvimbe wa ndani polepole, kwa siku na wiki. Mtoto aliyeandikiwa dawa hii huipata kila siku, akiwa mgonjwa au akiwa mzima. Haisaidii kitu usiku wa shambulio, kama nilivyoona kwa macho yangu.

Mwenye nyumba ya makuti haanzi kusuka makuti mvua ikiwa imekwisha kunyesha kitandani. Huyasuka kiangazi. Dawa ya kulinda ni makuti ya kiangazi. Dawa ya kufungua ni sufuria ya kukinga maji yanayovuja. Sufuria ni ya lazima usiku wa mvua, lakini hakuna aliyeziba paa kwa sufuria. Ukiona mtoto anahitaji dawa ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa wiki, paa linavuja. Mrudishe kwa mganga. Mwaka 2019 mabingwa wa pumu wa dunia, wa taasisi ya GINA, waliagiza kwamba hata watu wa miaka 12 na zaidi wasitibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake, kwa sababu wengi waliotegemea hiyo tu walizidiwa na wengine wakafa.

Mtaniuliza, “Je, rangi si inatosha?” Mara nyingi kichupa cha kufungua ni cha buluu, na cha kulinda ni cha kahawia. Lakini viwanda ni vingi na rangi hubadilika, na usiku kwa mwanga wa tochi buluu na kahawia hufanana. Herufi hazibadiliki. S ni ya kufungua. B ni ya kulinda. Kama mganga amewapa dawa yenye jina jingine, mwombeni awaandikie karatasini kazi yake.

Sasa tutengeneze chupa.

Mtoto hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Hata watu wazima wengi hushindwa. Dawa hutoka kwa kasi ikapiga ulimi na koo, ikabaki hapo. Lakini ikipita kwanza ndani ya chupa, kasi hupungua, na mtoto huivuta kwa pumzi za kawaida. Chombo cha namna hiyo huuzwa mijini, ila si kila mzazi anaweza kukipata. Mwaka 1999 madaktari wa watoto wa Cape Town, Afrika Kusini, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Walilinganisha chombo cha dukani na chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita. Chupa iliyozibwa vizuri ilifungua vifua vya watoto sawasawa na chombo cha dukani. Chupa isiyozibwa vizuri haikufanya kazi sawa na hizo. Kwa hiyo kuziba ndiko siri yake.

Fuateni hatua hizi:

1. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, safi, isiyowahi kutiwa mafuta ya taa wala dawa ya shamba.

2. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa kichupa cha dawa. Upashe moto, kisha bonyeza kwenye kitako cha chupa hadi plastiki iyeyuke na kuacha tundu la umbo lile lile. Fanya nje, usivute moshi wake.

3. Ingiza mdomo wa kichupa katika tundu wakati plastiki ingali laini, ili ishike vizuri. Pakibaki nafasi, ziba kwa gundi au plasta.

4. Osha chupa kwa maji yenye sabuni. Iache ikauke yenyewe, usiifute kwa nguo. Ukiifuta, dawa hunata ukutani mwa chupa badala ya kufika kwa mtoto.

5. Ipeleke zahanati, mganga aione kabla hujaitumia.

Namna ya kumpa mtoto ni hii. Mkalishe wima. Tikisa kichupa. Kitie katika tundu la kitako. Mtoto afunge midomo barabara kwenye mdomo wa chupa, meno yasizibe njia. Bonyeza mara moja tu. Mtoto avute na kutoa pumzi polepole mara tano bila kuondoa mdomo. Hesabuni pamoja: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kama ameandikiwa mbonyezo wa pili, ngoja kama nusu dakika, tikisa tena, rudia. Usibonyeze mara mbili kwa mkupuo. Baada ya dawa ya kulinda, asukutue mdomo na kutema, ili asipate utando mweupe kinywani. Mtoto mdogo asiyeweza kushika chupa kwa midomo anahitaji kifuniko cha uso, na mganga atawaonyesha.

Hesabu nyingine. Kichupa huwa na mibonyezo 200. Mtoto akiandikiwa mbonyezo mmoja asubuhi na mmoja jioni, kitakwisha baada ya siku ngapi? Gawanya 200 kwa 2. Ni siku 100. Andikeni ukutani tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, muende kuchukua kingine mapema. Kichupa huweza kuendelea kutoa hewa hata dawa ikiwa imekwisha. Msidanganywe na mlio.

Sasa tujibu maneno yanayosemwa vijijini. Sizungumzi kwa dharau, maana mimi mwenyewe nimeyasema.

Wasema, “Mtoto akizoea pampu hataiacha.” Si kweli. Dawa hii haina uraibu. Mtoto anaihitaji kwa sababu ana pumu. Mtu huvaa viatu kwa sababu ya miiba, wala hatusemi viatu vimemzoesha miiba. Watoto wengi hupata nafuu wanapokua, na mganga huwapunguzia dawa kidogo kidogo. Ila apunguze mganga, si mimi na sanduku langu.

Wasema, “Pampu ni ya mtu aliyekaribia kufa.” Hofu hii inaua. Wazazi huchelewa kuitumia, mtoto huzidiwa, ndipo huipata akiwa taabani, na akifa watu husema, “Mwaona, pampu imemwua.” Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, pumu iliua watu wapatao 455,000 duniani mwaka 2019, na wengi wao ni wa nchi zenye kipato kidogo, ambako dawa za kuvuta hazipatikani au hazitumiwi. Dawa hii ni ya mwanzo, si ya mwisho.

Wasema, “Dawa ya kulinda humdumaza mtoto.” Swali hili ni la haki. Baadhi ya watoto hupungua urefu kidogo sana, kama sentimita 1. Kwa hiyo mganga hutoa kipimo kidogo kinachotosha, naye humpima mtoto urefu. Lakini mtoto asiyelala usiku, asiyekula vizuri na asiyeenda shule hudumaa zaidi, mwili na masomo.

Tugeukie mazingira yetu. Dawa haiwezi kushinda moshi unaomwagwa kifuani kila siku. Pikeni kwa kuni kavu, mahali penye hewa, na mtoto mwenye pumu asilale jikoni. Baba anayevuta sigara atoke nje, mbali na mtoto. Korosho zikikaangwa na maganda yake, moshi wa mafuta ya ganda ni mkali mno. Mtoto huyo akae mbali kabisa.

Tena iko salfa. Siwezi kuwaambia muache salfa. Pasipo salfa ubwiri hula maua ya mikorosho, na pasipo korosho hakuna sare ya shule wala bati la nyumba. Lakini tunaweza kupanga. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwapo na upepo ukiwa umetulia. Ambianeni kabla, jirani kwa jirani, siku ya kupuliza. Siku hiyo mtoto mwenye pumu alale kwa shangazi au bibi aliye mbali na shamba. Asibebe mifuko ya salfa wala asichezee mifuko mitupu. Aliyepuliza avue nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Na dawa ya kulinda isikatwe hata siku moja kabla ya msimu kuanza. Mimi niliikata Mei, nikalipa Julai.

Mwisho, dalili za hatari. Mwalimu aziandike ubaoni, nanyi mziandike daftarini.

Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya. Hawezi kusema sentensi nzima kwa pumzi moja. Nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi. Midomo au ulimi umekuwa wa buluu au kijivu. Amelegea, ana usingizi usio wa kawaida. Kifua kilichokuwa kikilia kimenyamaza, na bado anahema. Au amepewa dawa ya kufungua na hakupata nafuu.

Ukiona hata moja, msingoje asubuhi. Mkalisheni mtoto wima, mpeni dawa ya kufungua kwa chupa kama mganga alivyowaandikia, mwondoke naye hospitali, na njiani mwendelee kama mlivyoelekezwa. Chukueni vichupa vyenu vyote, mganga avione. Mtoto mdogo mhesabieni pumzi akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Mwenye miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni mbio. Mwenye mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi ni mbio. Naye apelekwe kwa mganga.

Ndugu wanafunzi, sasa fungeni redio na mfanye kazi hii.

Zoezi la kusoma. Andikeni maneno mawili kwa herufi kubwa: SALBUTAMOL, BECLOMETASONE. Someni silabi kwa silabi. Pigeni mstari chini ya herufi ya kwanza ya kila neno. Kisha mwalimu azime taa, awashe tochi, na kila mmoja asome tena.

Maswali ya kujadili. Dawa ipi hutolewa kila siku, na kwa nini? Kwa nini chupa lazima izibwe vizuri? Katika kitongoji chenu nani ana mtoto mwenye pumu, na ni nani atakayemwarifu kabla ya kupuliza salfa? Usiku wa shambulio, bodaboda ya nani itaitwa, na nauli itatoka wapi? Swali hili la mwisho msilijibu kwa maneno tu. Andikeni jina na namba ya simu.

Kazi ya nyumbani. Kila mmoja amtafute mzazi mmoja mwenye mtoto wa pumu, amsomee ukurasa wa hatua za kutengeneza chupa na ule wa dalili za hatari. Akiwa na vichupa, mvisome pamoja.

Mama yangu sasa anasoma barua zake mwenyewe. Mwanangu yu darasani, na dawa yake ya kulinda iko juu ya meza, karibu na mswaki, ili tusiisahau. Sandukuni hakuna tena kichupa.